Kinyonga anapougua ghafla: usikimbilie dawa, kimbilia maji

Jana jioni alikuwa mzima. Alikuwa amekwea kijiti cha mkilifi kilichochomekwa ndani ya boksi, akamnasa panzi kwa ulimi wake mrefu, na watoto wakashangilia. Leo asubuhi yuko chini kabisa, macho ameyafumba, rangi imekuwa nyeusi kama mkaa, na hata ukimgusa hajitutumui wala kukuachamia kinywa kama ilivyo desturi yake. Mtoto analia, "Mama, kinyonga wangu amefanya nini?" Nawe ambaye tangu mwanzo hukumtaka mnyama huyu ndani ya nyumba, huna la kumjibu.

Kisa kama hiki chaweza kumpata mzazi yeyote ambaye watoto wake wamekwenda mashambani wakati wa likizo. Chukua mfano wa Matsangoni, kijiji kilichoko kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, ukishaupita mji wa Kilifi na kabla hujafika Gede. Upande wa bara kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na upande wa pili kuna Hori ya Mida na bahari. Kati yake ni mashamba ya minazi, miembe, mikorosho na mikilifi, yaani ile miarobaini ambayo watu wa pwani huipanda uani kwa ajili ya kivuli na dawa.

Miti hiyo ndiyo makao ya kinyonga, ambaye wengine humwita lumbwi na wengine kigeugeu. Mtoto wa mjini aliyekwenda kumtembelea nyanyake humwona, akavutiwa naye, na likizo ikiisha hupanda basi la kurudi Mombasa au Nairobi, mnyama akiwa amefichwa ndani ya mkebe wa biskuti. Siku chache baadaye ndipo matatizo huanza.

Je, msomaji, utafanya nini ukijikuta katika hali hiyo? Wengi hukimbilia kabati la dawa za nyumbani. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwani mara nyingi anachohitaji kinyonga aliyezidiwa si dawa bali ni maji, kivuli na utulivu.

HUFICHA UGONJWA HADI MWISHO

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba ugonjwa wa kinyonga ni wa ghafla machoni petu tu. Yeye mwenyewe huwa ameugua kwa siku nyingi, pengine majuma kadhaa.

Sababu yake ni rahisi. Kinyonga hana mbio, hana sumu, na meno yake hayawezi kumfukuza adui wa maana. Ngao yake kubwa ni kutoonekana. Porini, anayeonyesha unyonge huliwa upesi na ndege au nyoka. Kwa hivyo huendelea kushika tawi na kuzungusha macho yake kana kwamba hana neno, mpaka siku ambayo nguvu zinamwishia. Siku hiyo ndiyo unayomkuta chini ya boksi.

Kutokana na hilo, mambo mawili ni ya lazima. Kwanza, hatua ichukuliwe siku ile ile, si kungoja "tuone kesho ataamkaje". Pili, chanzo cha ugonjwa usikitafute katika mambo ya jana pekee. Jiulize alivyoishi tangu alipoletwa nyumbani: alikula nini, alikunywa vipi, alipata jua au la, na ni dawa gani iliyopulizwa chumbani.

JE, NI MGONJWA KWELI?

Kabla ya kuhangaika, hakikisha kwamba unachokiona ni ugonjwa, kwa maana kinyonga ana tabia nyingi zinazowatisha wasiomjua.

Usiku kinyonga wa pwani hugeuka rangi akawa mweupe au wa manjano hafifu, akafumba macho na kuukunja mkia kama mviringo. Huo ni usingizi. Asubuhi na mapema huenda ukamkuta amekuwa mweusi upande mmoja, ule unaoelekea jua. Anajipasha moto, kwani rangi nyeusi hunasa joto upesi kuliko rangi nyeupe. Ngozi ikibambuka vipande vipande kama karatasi, anajivua gamba, na jambo hilo humpata mara nyingi zaidi akiwa bado mdogo. Ukimkaribia akavimba, akafungua kinywa na kutoa sauti kama ya nyoka, amekuogopa tu. Kinyesi chake nacho huwa na sehemu nyeusi na sehemu nyeupe. Ile nyeupe ndiyo mkojo wake.

Dalili za ugonjwa ni hizi. Kufumba macho mchana, hata kwa muda mfupi mfupi. Macho kudidimia ndani. Kuwa mweusi kutwa nzima ilhali hakuna baridi wala adui. Kuachama kinywa akiwa kivulini, au kuinua pua juu kila anapovuta pumzi. Ute au mapovu mdomoni. Kushindwa kushika tawi. Kulenga mdudu na ulimi ukakosa nguvu ya kutoka. Uvimbe kwenye taya, mguu au kiungo. Na ile sehemu nyeupe ya kinyesi ikiwa ya manjano iliyokolea au rangi ya chungwa, jua kwamba mwili umekaukiwa na maji.

Ifahamike pia kwamba kinyonga habadili rangi ili afanane na kila anachokalia, kama tulivyosimuliwa utotoni. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walieleza kwamba ndani ya ngozi ya kinyonga wa Madagaska mna fuwele ndogo mno zilizopangwa kwa safu. Zikikaribiana au zikiachana, mwanga unaorudi machoni mwetu hubadilika, nayo rangi ikabadilika. Kinachozisukuma hasa ni hali ya kinyonga mwenyewe: hasira, hofu, mapenzi. Ndiyo maana rangi yake ni kama kipima joto kwa mtu anayejua kuisoma.

SAA YA KWANZA

Ukishaona dalili hizo, fanya yafuatayo kwa utaratibu.

Kwanza, muondolee zogo. Watoto, paka, mbwa, kuku, redio na televisheni viwe mbali. Asishikweshikwe wala kupitishwa mkono kwa mkono ili kila jirani amwone. Kwa kinyonga, kushikwa ni sawa na kukamatwa na adui, na hofu hiyo humpotezea nguvu kidogo alizobaki nazo.

Pili, mweke mahali penye hewa na kivuli, juu ya tawi lenye majani mabichi ambalo halikupulizwa dawa. Tawi liwe jembamba kiasi cha nyayo zake kulikamata. Ikiwa hawezi kushika tawi, mlaze juu ya kitambaa safi chenye unyevu. Pasiwe na upepo wa feni, wala asianikwe juani kwa kudhani kwamba anahitaji joto.

Tatu, mpe maji, na hapa ndipo wengi hukosea. Kinyonga hanywi maji ya bakuli. Porini hulamba matone ya umande na ya mvua juu ya majani. Ukimwekea bakuli, aghalabu hatambui kwamba hayo ni maji, na hufa kwa kiu huku maji yako mbele yake. Tafuta chupa ya kunyunyizia, kama ile anayoitumia kinyozi, lakini iwe haijapata kutiwa dawa yoyote. Nyunyiza maji safi ya vuguvugu kidogo juu ya majani yaliyomzunguka, polepole, kwa muda wa dakika kumi au zaidi. Kinyonga aliyekaukiwa huchukua muda kabla ya kuanza kunywa, kwa hivyo usinyunyize mara mbili tatu ukakata tamaa. Pumzika saa moja au mbili, kisha urudie.

Ikiwa hayalambi majani, mdondoshee tone moja moja kwenye ncha ya pua, yeye mwenyewe aamue kumeza. Usimpanue kinywa ukamimina maji kwa bomba la sindano. Tundu la pumzi la kinyonga liko mle mle kinywani, mbele kuliko unavyodhani, na maji yakiingia humo yatamuua kabla ya ugonjwa.

Nne, usimlazimishe kula. Tumbo la mnyama aliyekaukiwa haliwezi kusaga chakula. Atakula akishapata maji na nguvu. Na hata hapo, chakula chake ni wadudu walio hai. Maziwa, mkate, ugali na sukari si vyakula vyake.

Tano, usimpe dawa ya binadamu. Uzani wa kinyonga wetu haufiki hata robo kilo, na kidonge kilichopimiwa mtu wa kilo 60 hakiwezi kugawanywa kwa wembe kikawa kipimo chake. Dawa za minyoo za mbuzi na kuku ni vivyo hivyo. Kumtia tumbaku, chumvi au pilipili kinywani, iwe kwa tiba au kwa mchezo wa kutaka kuona rangi, ni kumtesa na kumwekea sumu.

VYANZO VINAVYOTOKEA SANA

Baada ya kiu, chanzo cha pili ni joto. Mtoto humtia kinyonga ndani ya chupa ya kioo, akaiweka dirishani ili apate jua. Kioo kikipigwa na jua, joto la ndani hupanda kwa dakika chache likawa kama la tanuri, na mnyama hana pa kukimbilia. Gari lililofungwa madirisha ni hatari hiyo hiyo. Kinyonga aliyezidiwa na joto huwa mweupe, hukaa kinywa wazi na kulegea. Mpeleke kivulini na umnyunyizie maji ya kawaida, wala si ya barafu.

Wale wa nyanda za juu huumia zaidi. Kinyonga wa pembe tatu anayeonekana katika bustani za Nairobi na viunga vyake amezoea usiku wa baridi. Ukimteremsha Mombasa wakati wa kaskazi, miezi ya Januari hadi Machi, umemwingiza katika nchi asiyoiweza. Kwa upande mwingine, yule wa Matsangoni akifungiwa katika chumba baridi cha Nairobi, asiyepata jua la kujipasha, hawezi kusaga chakula vizuri, na kifua humwingia kwa urahisi.

Chanzo cha tatu ni udhaifu wa mifupa, nao huwaua wengi wanaofugwa, hasa wachanga. Panzi na mende wana nyama ya kutosha, lakini madini ya kalisiamu ni haba miilini mwao. Ili kinyonga aitumie hata hiyo kidogo, anahitaji vitamini D, ambayo ngozi yake huitengeneza kwa msaada wa miale fulani ya jua isiyoonekana kwa macho. Miale hiyo haipiti katika kioo cha dirisha. Mwaka 2009 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba vinyonga waliopewa vitamini hiyo kidogo katika chakula hukaa kwenye miale hiyo muda mrefu zaidi kuliko waliopewa nyingi, kana kwamba mwili wenyewe unajua unachopungukiwa. Mnyama aliyefungiwa chumbani hana nafasi ya kuchagua. Mwili huiba kalisiamu kutoka mifupani, taya likawa laini kama mpira, miguu ikapinda na ulimi ukakosa nguvu. Mwenye nyumba husema ameugua ghafla, ilhali mifupa yake imekuwa ikiyeyuka kwa miezi miwili.

Huko Ulaya na Marekani, ambako baadhi ya ndugu zetu wanaishi na ambako vinyonga waliozaliwa vizimbani huuzwa madukani, wafugaji hutumia taa maalumu zinazotoa miale hiyo na kuwapaka wadudu unga wa kalisiamu kabla ya kumlisha mnyama. Hata huko, taa iliyozeeka huendelea kuwaka vizuri huku miale yenyewe imekwisha, na mwenyewe hajui mpaka mguu unapovunjika.

Chanzo cha nne ni sumu. Jioni mama hupuliza dawa ya mbu sebuleni. Mende aliyepulizwa hutembea polepole, mtoto humkamata kwa urahisi na kumpa kinyonga. Sumu iliyomlewesha mende sasa imo tumboni mwa aliyemla. Vivyo hivyo panzi waliokamatwa katika shamba la mboga lililopigwa dawa juzi. Kinyonga aliyekula sumu hutetemeka, hujinyonganyonga na kupoteza shabaha. Mtoe chumbani penye hewa safi, mwoshe miguu kwa maji ikiwa amekanyaga dawa, kisha umpeleke kwa daktari bila kuchelewa.

Chanzo cha tano ni majeraha. Kucha na meno ya paka yana bakteria wengi, na kidonda kidogo kisichotoa hata damu chaweza kumuua mnyama kwa siku mbili tatu. Wadudu waliobaki bila kuliwa nao humwuma akiwa usingizini, kwa hivyo waondolewe kila jioni. Na usiwaweke vinyonga wawili katika boksi moja ukidhani wataondoleana upweke. Kinyonga ni mkaa pweke. Kumwona mwenzake kutwa nzima bila pa kujificha kunamtia wasiwasi usioisha, na asiyeisha wasiwasi huacha kula.

HUENDA ANA MAYAI

Kuna hali moja ambayo si ugonjwa, lakini ukiikosea itakuwa kifo. Kinyonga jike anaacha kula ghafla, anashuka chini na kuzungukazunguka, anakwaruza pembe za boksi kwa miguu ya mbele. Tumbo lake limejaa na lina vinundu. Huyo anatafuta mahali pa kutaga.

Kinyonga wa pwani hutaga mayai, tena mengi, 20 au 30 na hata zaidi kwa mara moja. Porini huteremka mtini, akachimba shimo refu katika ardhi laini, akataga, akalifukia na kulishindilia kwa miguu, kisha akaondoka asirudi tena. Mayai hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuanguliwa. Wakati huo wa kuteremka ndio hatari kwake, kwa sababu huvuka njia na barabara kwa mwendo wake ule wa kusitasita. Ukimkuta akivuka, mwache avuke au mpitishe kwa kijiti upande anakoelekea.

Jike aliyefungiwa ndani ya boksi lenye sakafu ya karatasi hana pa kuchimba. Huyazuia mayai, nayo yakikaa muda mrefu tumboni humtia sumu mwilini. Ukishuku hali hii, mpe ndoo yenye mchanga uliochanganywa na udongo, wenye unyevu wa kutosha kiasi cha shimo kutoporomoka, na kina chake kiwe cha urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi vidoleni. Kisha uifunike kwa shuka na kumwacha peke yake. Kumchungulia kila dakika humfanya aache kuchimba. Akichimba bila kutaga hadi akachoka, akafumba macho, hapo pana hatari na daktari anahitajika siku hiyo hiyo.

Yule wa pembe tatu wa nyanda za juu ni tofauti. Huyo hazikiwi mayai ardhini bali huzaa watoto walio hai.

MGONJWA MKENYA HUKO HAWAII

Nguvu ya maji, majani na hewa katika kumrudishia kinyonga uhai ilionekana wazi katika kisa kimoja cha ng'ambo, na wagonjwa wenyewe walikuwa Wakenya.

Mwaka 1972, mwenye duka la wanyama wa kufugwa huko Kaneohe, katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, alipokea vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya. Hao ndio wanaoitwa vinyonga wa Jackson, kwa jina la Frederick Jackson ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda. Baada ya safari ndefu walifika wamekonda na kukaukiwa. Mwenye duka akawaachilia katika bustani ya nyumbani kwake ili wapate nafuu.

Nafuu waliipata, tena kupita kiasi. Mvua, miti na wadudu wa huko viliwafaa. Walizaana, wakatawanyika, na baadaye watu wakawapeleka hata katika visiwa vingine vya Hawaii. Leo wanahesabiwa huko kama wageni waharibifu, kwa maana wanakula wadudu na konokono wasiopatikana mahali pengine popote duniani.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kilichowaponya hakikuwa dawa. La pili ni kwamba kinyonga hapaswi kuachiliwa mahali ambapo si kwao. Akipona, wa Matsangoni arudishwe Matsangoni, ikiwezekana kwenye mti ule ule alikotolewa, na wa Limuru arudishwe Limuru.

SHERIA NA PA KWENDA

Msomaji huenda ukajiuliza, je, ni halali kumfuga? Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, mtu haruhusiwi kuwa na mnyama wa mwituni, awe hai au mfu, bila kibali. Kinyonga ni mnyama wa mwituni hata kama alikamatwa uani kwa nyanya. Tena vinyonga wanalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe wa porini, kwa hivyo kumsafirisha nje ya nchi bila karatasi zake ni kosa pia.

Kwa sababu hiyo, ikiwa kinyonga uliye naye ni wa kuokotwa, lengo lako liwe kumwokoa na kumrudisha kwao. Ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, iliyo karibu nawe ndiyo ya kwanza kuarifiwa. Kwa wakazi wa Matsangoni, KWS wana kituo Gede, pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Huko Watamu nako kuna shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe na mkewe Sanda, ambako watu wamezoea kushughulika na reptilia. Nairobi kuna chama cha kutunza wanyama cha KSPCA, na kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoko Kabete.

Daktari wa mifugo wa kawaida hutibu ng'ombe, mbuzi na mbwa, kwa hivyo mpigie simu kwanza umweleze kwamba mgonjwa ni kinyonga. Ukienda, mchukue mnyama ndani ya katoni yenye matundu na kijiti cha kushika, gizani, bila chupa ya maji inayoweza kumwagika. Chukua na kinyesi chake cha karibuni ndani ya mfuko safi, kwa maana minyoo huonekana humo. Mweleze daktari kila kitu bila kuficha: alitolewa wapi na lini, alikula nini, na kama kuna dawa iliyopulizwa nyumbani.

Usisahau afya ya jamaa yako. Reptilia wengi hubeba vijidudu vya salmonela bila wao kuugua, navyo humletea mtu homa na kuhara. Kila aliyemgusa kinyonga, boksi lake au kinyesi chake anawe mikono kwa sabuni. Vyombo vyake visioshwe jikoni, na watoto walio chini ya miaka mitano wasimshike. Hayo yasikufanye umwogope. Hana sumu, wala haleti mkosi. Ile hadithi ya kale ya Waafrika wengi, kwamba kinyonga alikawia njiani na ujumbe wa uzima mpaka mjusi akafika kwanza na ule wa mauti, imesababisha wengi wao kupigwa mawe bure.

AKIFA

Hata ukifanya yote haya, kinyonga aliyefika hatua ya kulala chini ya boksi mara nyingi haponi. Maisha yenyewe ya kinyonga ni mafupi. Wengi huishi miaka michache tu, na kuna aina moja ya Madagaska ambayo, ikishaanguliwa, huishi miezi minne au mitano pekee ikafa.

Usimdanganye mtoto kwamba ametoroka. Mwambie amekufa, na umweleze kwa lugha rahisi kilichomuua, iwe ni kiu, sumu au ukosefu wa jua. Mzikeni pamoja uani, kisha mnawe mikono. Mtoto aliyeelezwa ukweli hatarudia kumtia mwingine ndani ya mkebe wa biskuti.

Likizo ijayo, badala ya mkebe, mpe tochi na daftari. Kinyonga akilala usiku huwa mweupe, na tochi ikimmulika juu ya mti huonekana kutoka mbali. Watafiti wenyewe huwahesabu kwa njia hiyo. Nyanya akimwandama na kumwonyesha miti iliyo salama, mtoto ataandika wako wangapi kwenye mkilifi, wangapi kwenye mwembe, na yupi amerudi tawi lile lile la jana. Asubuhi kila mmoja wao atalamba umande wake mwenyewe.